Daraja la Alhamisi

Jumatatu, saa mbili kasorobo, karani wa masijala alifungua mlango wa ofisi kwa kuuinua kidogo na kuusukuma kwa goti, maana bila goti ulikuwa haufunguki. Alitundika mkoba kwenye msumari, akafuta kioo cha kompyuta kwa kipande cha pazia la zamani, akaketi kwenye kiti chenye magurudumu matatu. Gurudumu la nne lilipotea mwaka alioajiriwa, na tangu hapo alizoea kukaa ameegemea kulia. Ofisi nzima ilimwita Mama Masijala. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuweka karatasi kwenye faili lisilo lake, wala hakuwahi kutupa hata moja.

Mezani palikuwa na waraka kutoka wizarani. Waraka ulisema kuwa kuanzia sasa kila picha ya mradi lazima iwe na taarifa za mahali ndani yake. Haitoshi tena picha kuwa nzuri. Sharti ijue ilipigwa wapi. Kamera ya idara ya ujenzi ilikuwa ya siku nyingi. Ilijua kupiga picha, basi. Mahali ilikuwa haipajui, na hata tarehe yake ilikuwa nyuma kwa miaka ishirini. Mkuu wa idara akaamua kwamba mtu wa kuziwekea picha mahali pake ni yule yule anayeziwekea karatasi mahali pake.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Upande wa kushoto wa kioo kuna picha, upande wa kulia kuna ramani ya mji, na juu ya ramani kuna pini nyekundu. Unaivuta pini mpaka pale picha ilipopigwa, unabonyeza Hifadhi, na kuanzia hapo picha inajua kwao ni wapi.

Picha za kwanza zilikuwa za madaraja ya waendao kwa miguu. Mji ule umepasuliwa na korongo refu, lina vivuko kumi na moja, na taarifa ya mradi ilisema kila kivuko kimejengewa daraja la chuma la rangi ya kijani, refu la hatua ishirini. Kabrasha lilikuwa na picha kumi na mbili. Kumi na moja zilionyesha daraja: moja kwa mbele, moja kwa nyuma, moja kwa ubavuni, moja ikiwa imepigwa na mtu aliyelala chini. Ya kumi na mbili ilionyesha nyumba ya ghorofa tatu iliyozungushiwa vyuma vya kijani kila baraza.

“Hii ya nyumba niiweke wapi, Mkuu?” aliuliza Mama Masijala.

“Hiyo haina mahali,” alisema Mkuu. “Itoe.”

Aliitoa kwenye kabrasha. Akaifungulia faili jipya, akaliandika “Picha Zisizo na Mahali”, akaihifadhi humo.

Kisha akaanza. Picha ya kwanza aliiweka kivuko cha kwanza, kilicho jirani na ofisi. Hapo hakukutokea jambo, kwa kuwa daraja lilikuwa hapo hapo. Picha ya pili aliiweka kivuko cha pili, na daraja likaondoka kivuko cha kwanza likaenda cha pili. Juu yake alikuwepo mtu mmoja tu, muuza mayai, amesimama na trei yake begani akipumzika. Aliona majirani wamebadilika, akauza mayai sita. Dakika kumi baadaye alikuwa kivuko cha tatu, akauza manane. Mpaka Mama Masijala anamaliza picha ya sita, muuza mayai alikuwa ameuza nusu ya trei bila kuinua mguu, na alikuwa ameamua moyoni kwamba hiyo ndiyo njia ya kufanya biashara.

Mama Masijala hakuyajua hayo. Alikuwa amefika picha ya saba, na picha ya saba ilimkwaza. Kivuko cha saba alikijua kuliko alivyojua kiganja chake. Aliishi hapo na mama yake mzazi, na kutoka dirisha la jikoni waliliona korongo lote. Ng’ambo ya korongo aliishi mama mkubwa, dada yake mama. Zamani mama alikuwa akishuka kwa vidato vya udongo na kupanda upande wa pili, anarudi jioni. Halafu goti likagoma. Na mama mkubwa naye, ambaye angeweza kuja yeye, macho yakaingia mtoto wa jicho, akawa hamtofautishi mbuzi na ndoo. Kuzunguka kwa barabara ni magari mawili, na humo ni saa mbili nzima za kukaa, na goti lilichukia kukaa kuliko lilivyochukia kutembea. Kwa hiyo kwa miaka mitatu dada wale wawili walizungumza kwa kupiga kelele juu ya korongo.

Mtaa mzima ulizijua siri zao. Walipobishana kuhusu urithi wa cherehani ya marehemu mama yao, majirani wa pande zote mbili walipiga kura. Siku mama mkubwa alipopaza sauti kwamba kuna baba mmoja mjane, mtu mzima na heshima zake, anamuulizia Mama Masijala, Mama Masijala alikwenda kazini siku tatu kwa njia ya uchochoroni.

Daraja hapo halikuwepo. Alinyanyuka, akaenda kwa Mkuu.

“Mkuu, hii picha ya kivuko cha saba. Mimi naishi kivuko cha saba.”

“Hongera.”

“Hakuna daraja.”

Mkuu alivaa miwani, akaitazama picha kwa makini. “Hiki hapa ni nini?”

“Daraja.”

“Na waraka unataka nini?”

“Mahali.”

“Picha unayo, mahali unapajua. Sasa mimi nikusaidie nini, mama?”

Alirudi kitini shingo upande. Uongo wa wengine ulikuwa haumkoseshi usingizi, lakini huu alitakiwa auandike yeye, tena mbele ya nyumba ya mama yake. Mwishowe alijiambia kwamba kama ni kuweka, basi aweke sawasawa. Aliikuza ramani mpaka akaiona nyumba yao, akaivuta pini hadi kwenye ukingo, mkabala na kamba ya nguo, akabonyeza Hifadhi.

Simu yake ililia.

“Mwanangu,” alisema mama, “daraja limefika.”

“Daraja gani, mama?”

“La kijani. Lina muuza mayai juu yake. Nimemwambia ashuke anywe maji, hataki, anasema ana safari.”

“Limekaa wapi hasa?”

“Kwenye kamba ya nguo. Limebana shuka langu la maua.”

Mama Masijala alimwomba radhi kwa ajili ya shuka. Mama akasema shuka si neno, akakata simu, akachukua fimbo yake. Alivuka hatua zote ishirini akiwa ameshika chuma kwa mkono mmoja. Ng’ambo, mama mkubwa alikuwa ameketi mlangoni akichambua mbegu kwa vidole, na alizijua nyayo kabla hajasemeshwa. Alimpapasa mdogo wake uso mzima, masikio, shingo, mabega.

“Umenenepa,” alisema. Kisha akalia, na mama akalia, na majirani waliozoea kuyasikia mambo yao kwa sauti ya juu walilazimika kusogea karibu.

Mchana Mkuu alitaka picha zote ziwe tayari. Mama Masijala akaweka ya nane. Simu ikalia tena. Mama alikuwa ng’ambo na daraja lilikuwa limekwenda. Hapo ndipo Mama Masijala alipoelewa. Aliirudisha pini kivuko cha saba, akangoja mama avuke, akamwita fundi wa kompyuta.

Fundi alikaa kwenye kile kiti cha magurudumu matatu, akakagua waya, akazima, akawasha. “Kompyuta haina kosa,” alisema. “Daraja liko moja. Linakwenda linakoambiwa.”

“Na nikitaka yote kumi na moja kwa wakati mmoja?”

“Hapo utahitaji madaraja kumi na moja,” alisema fundi, akafunga begi lake la bisibisi.

Kesho yake watu walijaa barazani pa ofisi. Walikuja kutoka vivuko vyote kumi na moja, wengine wamevaa nguo za kutokea. Mkuu alijifungia chooni. Lakini hakuna aliyeuliza madaraja mengine kumi yako wapi. Kila mmoja aliuliza la kwao linapita saa ngapi. Mama Masijala alichukua karatasi na rula. Wiki ina siku sita za kazi, kila siku ina asubuhi na mchana, hizo ni zamu kumi na mbili. Vivuko kumi na moja, zamu kumi na moja, na ile ya Jumamosi mchana akawaachia mafundi wakaze nati. Alianza na kivuko cha kwanza Jumatatu asubuhi na kwenda kwa mpangilio, bila kumpendelea mtu. Kivuko cha saba kiliangukia Alhamisi asubuhi. Aliibandika ratiba ukutani, watu wakaipiga picha kwa simu zao, wakaondoka wakishukuru. Bibi mmoja alimwambia kwamba toka azaliwe hajaona serikali inayotembea mpaka mlangoni kwake.

Mji ukazoea. Harusi zilipangwa kwa kufuata zamu. Shule ya ng’ambo ya kivuko cha tano ilihamishia mitihani yote Jumatano asubuhi. Waliochelewa kushuka walijikuta kivuko kinachofuata, wakalaumu uzembe wao wenyewe. Muuza mayai alifunga kiti kidogo kwenye chuma, akaweka na mwavuli, akawa na wateja mji mzima. Na kila Alhamisi, saa mbili na nusu, mama alivuka na fimbo yake na kapu, na saa saba kasoro dakika kumi akarudi. Mama Masijala hakuongeza hata dakika moja kwa kivuko cha saba, ingawa kidole kilimwasha. Alipenda kazi yake wakati huo kuliko alivyowahi kuipenda, na kuna siku alijikuta anaimba humo masijala.

Mwezi wa tatu wa ratiba, mama mkubwa alipata nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza. Alipasuliwa Jumatano, akarudishwa nyumbani na kitambaa usoni. Muuguzi, ambaye ni jirani yake, aliahidi kupita Alhamisi saa nne kukifungua, kabla hajaingia zamu yake saa tano.

“Wa kwanza kumwona awe mdogo wangu,” mama mkubwa alipaza sauti juu ya korongo jioni ile, na pande zote mbili zilisikia. “Asipokuwepo, sifumbui!”

“Nitakuwepo!” alijibu mama. “Kesho si Alhamisi?”

Alhamisi saa mbili na nusu, mama akiwa bado anatafuta kiatu cha pili, Mkuu aliingia masijala bila kubisha hodi. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye kola. Mkaguzi alikuwa amefika kutoka wizarani bila taarifa. Yumo ofisini kwake anakunywa chai, na akimaliza kikombe anataka kuyaona madaraja yote kumi na moja, moja baada ya jingine.

“Hamishia kivuko cha kwanza sasa hivi,” alisema Mkuu. “Dereva atakupigia kila tukiondoka mahali. Akipiga, unahamisha. Usiniangushe, mama.”

“Leo asubuhi ni zamu ya saba.”

“Leo asubuhi ni zamu yangu.”

Aliivuta pini. Mama akapiga simu papo hapo. “Limeondoka! Nimepata kiatu, nimetoka nje, halipo!”

“Kaa kwenye kamba ya nguo, mama. Usiende popote. Litapita.”

“Saa ngapi?”

“Sijui. Litapita.”

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye viatu vilivyong’arishwa na daftari la jalada gumu. Yaliyotokea huko barabarani dereva alimsimulia Mama Masijala baadaye, na dereva si mtu wa kutia chumvi. Wakati mkaguzi anakunywa chai, Mkuu alikuwa amempeleka fundi wa rangi akalipake daraja upya, liwe na mvuto. Kwa hiyo mkaguzi alipopanda daraja la kivuko cha kwanza, alikanyaga rangi mbichi na kuacha alama ya kiatu kwenye ubao wa nne. Aliinama, akaipangusa soli kwa jani, akaandika. Kivuko cha pili, ubao wa nne, alikuta alama ya kiatu. Cha tatu vilevile. Kivuko cha sita alisimama juu yake, akaweka kiatu chake ndani ya ile alama. Kilienea sawasawa. Muuza mayai alikuwa ameketi pembeni chini ya mwavuli wake, akamsalimu kwa mara ya sita. Mkaguzi aliitikia, akafungua daftari, akaandika: “Madaraja yote yamejengwa kwa ubora unaofanana.”

Saa nne kasoro dakika tano dereva alipiga simu. “Tunaondoka sita. Leta saba.”

Mama Masijala alileta saba. Kwenye simu yake, mama alisema, “Hilo hapo!” Kabla hajakanyaga ubao wa kwanza gari likasimama, akasema, kwa sauti nyingine, “Wananizuia.”

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa daraja ameinua mikono, anawaambia watu wapishe ukaguzi. Mama alingoja akiwa ameshika fimbo. Ng’ambo muuguzi alikuwa ameshafika, anatazama saa yake. Mama mkubwa alikuwa kwenye kiti kilichosogezwa mpaka ukingoni, kitambaa cheupe usoni, ameinua kidevu.

“Amekuja?” alipaza sauti.

“Nipo!” alijibu mama. “Wanakagua!”

“Wakague upesi, jicho linaniwasha!”

Mkaguzi alivuka, akarudi, akaandika, akaingia garini. Simu ya ofisi ikalia. “Tumeondoka saba,” alisema dereva. “Mpaka nane ni dakika tatu. Hamisha.”

Mama Masijala aliivuta pini mpaka kivuko cha nane. Akaweka kidole juu ya Hifadhi. Kwenye sikio jingine alikuwa na simu ya mama.

“Mama, uko wapi?”

“Ndiyo nimepanda. Rangi inanata.”

“Vuka haraka.”

“Goti hili halijui haraka.”

Alizisikia hatua. Fimbo, mguu, mguu. Fimbo, mguu, mguu. Alihesabu mpaka kumi, hatua zikasimama.

“Mama?”

“Muuza mayai ananisalimu.”

“Mama, vuka!”

“Mtu akusalimie umpite tu kama mti? Hujambo, baba. Watoto hawajambo? Mkeo amepona kikohozi?”

Simu ya ofisi ililia tena. Safari hii alikuwa Mkuu mwenyewe, ananong’ona. “Tumefika nane. Hakuna kitu. Mama, bonyeza.”

Mama Masijala alikiangalia kidole chake. Kwa miaka kumi na tisa kidole kile kilifanya kila kilichoambiwa. Kama angebonyeza sasa, mama angejikuta kivuko cha nane pamoja na trei ya mayai, na muuguzi angefungua kitambaa mbele ya kiti kitupu.

“Mkuu,” alisema, “kuna mtu mzima anavuka.”

“Bonyeza!”

“Akimaliza.”

Aliiweka simu ya ofisi mezani, kifudifudi.

Huko kivuko cha nane, mkaguzi alisimama ukingoni, akatazama korongo. Akatazama upande wa pili. Akatazama daftari. Mkuu, kwa maelezo ya dereva, alikohoa mara mbili, akasema, “Liko njiani.” Mkaguzi akaitazama saa yake, akaegemea gari. Dereva alizima injini kuokoa mafuta.

“Nimefika,” alisema mama kwenye simu. Mama Masijala akabonyeza Hifadhi, akajifuta macho kwa kile kipande cha pazia.

Daraja likafika kivuko cha nane pamoja na muuza mayai na mwavuli wake. Mkaguzi alipanda, akapita juu ya alama yake bila kuiangalia, akanunua mayai mawili, akayafunga kwenye leso. Kisha akaandika: “Kivuko cha nane: daraja lipo. Lilichelewa dakika nne.”

Mpaka saa nane mchana ukaguzi ulikuwa umekwisha. Mradi ulipata alama za juu. Mkaguzi alipendekeza mambo mawili: idara inunue saa ya ukutani, na kwa kuwa imeonyesha uwezo, ipewe zahanati kumi na moja mwakani. Mkuu alipeana naye mkono kwa muda mrefu. Halafu akaja masijala akiwa na barua ya onyo kwa karani, kwa kosa la kuchelewesha daraja. Mama Masijala alisaini kuipokea. Kwa kuwa barua zote hupokelewa masijala, aliigonga muhuri wa kupokelewa, akaiandikia namba, akaitia kwenye faili lake mwenyewe, mahali pake.

“Na uandae nafasi ya picha kumi na moja za zahanati,” alisema Mkuu akitoka. Akakumbuka kitu, akarudi. “Kumi na moja tu.”

Baada ya kazi, Mama Masijala alipitia nyumbani, akachukua magauni mawili ya mama, dawa ya goti na shuka la maua, akapanda magari mawili, akafika ng’ambo jua likiwa bado lipo. Aliwakuta wameketi ukingoni bega kwa bega. Mama mkubwa alikuwa na jicho jekundu lililofumbuka pima, hataki hata kupepesa, kana kwamba akipepesa watamnyang’anya.

“Shikamoo, mama mkubwa.”

“Marahaba. Sauti naijua, uso sikuutegemea. Mbona siku hizi umefanana na baba yako na hukusema?” Alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku. “Na yule mjane umemjibu nini?”

Majirani wa ng’ambo waliacha kufua. Mama Masijala alisema hayo yataongelewa ndani.

“Na mama ulimwonaje?” aliuliza, ili kubadili mambo.

“Nilimwambia amezeeka,” alisema mama mkubwa. “Akaniambia na mimi je. Nikamwambia mimi sijajiona bado.” Walicheka wote wawili mpaka wakashikana, na Mama Masijala, aliyekuwa amekuja na onyo mfukoni mwa moyo, akalisahau.

Mama mkubwa aliendelea kutazama. Aliyatazama majani, kuku, shati lililokuwa kwenye kamba ya ng’ambo. Alitazama ukingo, pale daraja hukaa kila Alhamisi. Aliinama, akaupapasa udongo kama alivyozoea kufanya alipokuwa haoni.

“Hapa hakujawahi kuchimbwa,” alisema. “Hakuna msingi. Hakuna hata jiwe.”

“Hakuna,” alisema mama.

“Na sisi tunapita.”

“Kila Alhamisi.”

Mama mkubwa aliinua uso, akatazama mbali, kwenye mwinuko juu ya mji. “Ile nyumba yenye vyuma vya kijani ni ya nani?”

“Ya Mkuu wangu,” alisema Mama Masijala.

Jicho jipya lilitulia juu ya nyumba ile kwa muda. Midomo ya mama mkubwa ilikuwa inacheza, na kidole chake kilikuwa kinagonga goti, baraza moja baada ya nyingine, chini mpaka juu. Alipofika kumi, kiliacha kugonga.

“Wewe,” alisema mama, “juzi hukuwa unaona, leo ushaanza kuhesabu vya watu.”

Mama mkubwa hakucheka. Alimgeukia Mama Masijala. “Nyumba ile unayo picha yake, kama ya daraja?”

“Ninayo.”

“Ina mahali?”

“Haina. Mkuu aliniambia niitoe.”

“Umeitupa?”

“Mama mkubwa,” alisema Mama Masijala, “mimi sijawahi kutupa karatasi.”

Waliangalia kule juu, ambako vyuma vya kijani vilikuwa vinawaka kwa jua la mwisho. Kwenye baraza ya juu mtu alikuwa anamwagilia maua. Muuguzi alikuwa ameagiza jicho lisichoshwe siku ya kwanza, kwa hiyo mama mkubwa alilifumba, akaegemea bega la mdogo wake. Mama aliuliza kesho asubuhi ni zamu ya nani. Mama Masijala akasema ni ya kivuko cha tisa, na kwamba itabidi aondoke sasa awahi gari la kurudi, kwa sababu saa mbili kamili watu watakuwa wanangoja.

Mama alisimama kwa fimbo yake, akasogea ukingoni, akaweka kiganja mdomoni. Alimpigia kelele jirani yake wa ng’ambo afunge dirisha la jikoni, aanue nguo na awape kuku maji.

“Unarudi lini?” alijibu jirani.

“Alhamisi!”

“Daraja likija!”

“Litakuja,” alipaza sauti mama. “Mwanangu ndiye analileta.”